Wanasema kachumbari yangu ndiyo iliyowaumiza watu wa hitma

Shikamoo Bibi Afya,

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, nimeolewa hapa Tanga, na tunaishi nyumba moja na mama mkwe. Nakuandikia nikiwa sina raha, maana siku hizi nikiingia sebuleni mazungumzo yanakatika.

Mwezi uliopita tulikuwa na arobaini ya baba mkwe. Hitma ilipangwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Mpishi wetu, ambaye ndiye anayeupikia mtaa mzima, alianza kazi Ijumaa usiku kwa kuwa asubuhi yake alikuwa na shughuli nyingine ng'ambo ya mji. Pilau ya nyama ya ng'ombe, masufuria matatu makubwa, ikaiva kama saa tisa usiku. Akaipalia, akaifunika, na sisi tukatandika magunia juu yake isipoe. Saa nane mchana, kabla ya kupakua, tuliongeza makaa juu ya mifuniko. Ilipofunuliwa ilikuwa vuguvugu na inanukia vizuri tu. Watu walikula kwenye masinia, na wengine wakafungiwa wakaenda nayo.

Mimi kazi yangu ilikuwa kachumbari. Niliikata asubuhi ileile pamoja na wifi yangu mdogo.

Usiku wa manane mume wangu akashikwa na tumbo. Ilipofika alfajiri choo kilikuwa na foleni, na simu zikaanza kuingia: kwa fulani watu wanne, kwa fulani nyumba nzima. Wote ni tumbo la kukata na kuhara maji. Homa hakuna, waliotapika wachache sana. Jumapili jioni wengi walishapona, ila bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, shoga yake mama mkwe, aliishiwa maji akalazwa, akatundikiwa dripu siku mbili.

Vijana watatu waliokuwa wakisaidia jikoni wao habari yao ni nyingine. Saa tano asubuhi walijipashia wali mweupe uliobaki tangu Ijumaa mchana, wakala. Hitma inasomwa, wao wanatapika nyuma ya nyumba, na pilau hawajaigusa.

Halafu Jumanne mtoto wa wifi mkubwa, ana miaka minne, akaanza kuhara damu na homa kali. Walimnunulia dukani vidonge vya kuzuia kuhara na flajili, hali ikazidi, akalazwa. Sasa amerudi nyumbani lakini bado hana nguvu.

Mawifi wanasema pilau ilichemka kwa moto wa kuni, ni mdudu gani atakayeishi humo? Kilicholiwa kibichi kilikuwa kimoja tu, kachumbari, na mkono ulioikata ni wangu. Jirani mmoja ameenda mbali zaidi, anasema kuna mtu "alitia kitu". Naomba unieleze: je, ni mimi? Chakula kilichochemka kinaweza kuumiza watu kweli? Na kingine, nina mimba ya miezi sita na pilau niliila, ingawa kidogo. Tumbo lilinikata usiku mmoja tu. Mume wangu ameogopa, amenunua friji, anasema sasa mambo yamekwisha. Ni kweli yamekwisha?

Mkwe wa Tanga

*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba na kwa hayo yaliyofuata.

Umeniandikia saa za kila kitu bila kujua kwamba umenipa ushahidi. Sisi tulioifanya kazi ya afya ya mazingira, watu wakiumwa baada ya shughuli, kabla hatujamuuliza mtu alikula nini tunamuuliza alikula saa ngapi na tumbo likaanza saa ngapi. Kila bakteria ana mwendo wake. Ukizipanga saa za watu thelathini kwenye karatasi, mara nyingi unamjua mshukiwa kabla maabara haijajibu. Na saa zako zinaonyesha kwamba nyumbani kwenu hapakutokea ugonjwa mmoja. Yanaonekana yalikutana mambo matatu mbalimbali ndani ya siku nne, na watu wakayafunga kwenye furushi moja wakakutwika wewe.

Tuanze na pilau, kwa sababu ndiyo iliyoangusha watu wengi. Walikula saa nane mchana, matumbo yakaanza kati ya usiku wa manane na alfajiri, yaani baada ya saa kumi hadi kumi na nne hivi. Tumbo la kukata, kuhara maji, homa hakuna, kutapika kwa nadra, na ndani ya siku moja limekwisha. Hiyo ni sura ya bakteria anayeitwa Clostridium perfringens, na kama ningepewa nafasi ya kuweka dau, ningeweka kwake.

Bakteria huyu anaishi kwenye udongo na kwenye matumbo ya wanyama na watu. Kufika kwenye nyama ya buchani si ajabu hata kidogo. Mawifi wako wana haki ya kuuliza ataishije kwenye sufuria linalotokota, na jibu ni kwamba yeye mwenyewe hufa, lakini huacha spora, yaani umbo lake lililojifungia kwenye ganda gumu, na ganda hilo linastahimili kuchemka. Tena ule moto huwa kama unaiamsha. Sufuria likianza kupoa na kushuka chini ya nyuzi 60, spora zinafunguka na bakteria wanaanza kuzaana. Wanapenda zaidi joto la nyuzi 43 hadi 47, na hapo wanaweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika kumi hivi. Piga hesabu: mmoja tu, kwa mwendo huo, baada ya saa tatu ni zaidi ya laki mbili na nusu. Hawapendi hewa, na katikati ya sufuria la pilau iliyoshindiliwa, yenye mafuta na iliyofunikwa, hewa haipo. Mtu akimeza wengi wao wakiwa hai, wanatengeneza sumu ndani ya utumbo wake, na ndiyo maana tumbo huchelewa mpaka usiku.

Sasa rudi kwenye magunia. Mliyatandika kwa nia njema, nayo yakaishika pilau kwenye joto lilelile wanalolitaka kwa karibu saa kumi na moja. Wewe mwenyewe umeandika "vuguvugu", na neno hilo ndilo lililonitosha. Makaa ya dakika za mwisho juu ya mfuniko yanapasha tabaka la juu. Katikati na chini hayafiki. Pilau ingefunuliwa ikiwa inaunguza vidole, inafuka moshi mpaka katikati, nisingekuwa na la kusema.

Na harufu nzuri haimtetei mtu. Bakteria wa aina hii hawachachushi chakula wala hawakibadilishi rangi. Mpishi wenu angeonja mara mia na ulimi usingemwambia kitu.

Jambo hili halina uhusiano na uchafu wa nyumba wala umaskini. Marekani, penye majiko ya umeme na mafriji makubwa kama kabati, wanakadiria kwamba bakteria huyuhuyu anaumiza karibu watu milioni moja kila mwaka, na milipuko mingi hutokea Novemba na Desemba, msimu wao wa kupika minofu mikubwa kwa ajili ya watu wengi. Sufuria kubwa, nyama nyingi, wageni wengi, muda mrefu kati ya kuiva na kuliwa. Kwa hiyo huyo jirani wa "alitia kitu" mwambieni apumzike. Kilichotiwa ni saa kumi na moja.

Vijana wa jikoni wameumwa kitu kingine. Wali mweupe wa Ijumaa mchana, umekaa nje usiku kucha, ukapashwa, na kabla saa tatu hazijapita mtu anatapika: hapo namtazama Bacillus cereus. Naye ana spora zinazokuja na mchele kutoka shambani na kupona kwenye maji ya moto. Wali ukikaa kwenye joto la jikoni anazaana, ila tofauti yake na yule wa kwanza ni kwamba anaitengeneza sumu ndani ya chakula chenyewe, kabla hakijaingia kinywani. Sumu hiyo ya kutapisha inastahimili nyuzi 121 kwa dakika 90, na maji yanayochemka kwenye sufuria lako yanaishia nyuzi 100. Upashe, ukaange, uufanye ukoko, sumu ipo palepale.

Najua hapa nagusa kiporo cha wali na chai ya asubuhi, na kuna watakaonuna. Mimi mwenyewe nakipenda. Kiporo kilichotandazwa kikapoa haraka na kulala kwenye friji hakina neno; kilicholala juu ya jiko lililozimika ndicho ninachokikataa. Kwa kawaida ugonjwa huu huisha kwa siku moja, lakini mara chache sumu hiyo hulivamia ini. Mwaka 2008 mjini Brussels, kijana wa miaka 20 alikula tambi zilizokaa siku tano nje ya friji, akatapika usiku, na asubuhi akakutwa amefariki.

Basi swali lako la pili lina majibu mawili. Kwa yule wa pilau, kukichemsha chakula upya mpaka kitokote chote kungewaua bakteria walio hai na kungesaidia. Kwa yule wa wali, na pia kwa sumu ya Staphylococcus aureus anayetoka puani na kwenye majipu na vidonda vya vidole vya wapishi, moto wa pili hausaidii kitu. Na kwa kuwa mpishi hajui ni yupi aliyemo sufuriani, hana ruhusa ya kuutegemea moto wa pili.

Sasa kachumbari yako. Usiku ule wa Jumamosi haikuhusika, kwa kadiri saa zinavyosema. Kama ingebeba salmonela, bakteria mwingine wa chakula, kwa mfano, ningetarajia homa kwa wengi, watu kuanza kuumwa kwa kutawanyika, wengine baada ya saa sita na wengine siku ya tatu au ya nne, na kuhara kuendelea siku kadhaa. Watu wengi kuanza karibu kwa pamoja na kupona kwa pamoja bila homa si tabia yake. Uthibitisho kamili ungetoka maabara, kwa sampuli ya choo na kiasi cha pilau iliyobaki, na hiyo nafasi imepita. Wakati mwingine msimwage kilichobaki kabla ya kumpigia afisa afya wa kata. Funga kidogo kwenye chombo safi, weka kwenye baridi, andika tarehe.

Ila sikufutii mashtaka yote, mwanangu, kwa sababu yupo yule mtoto. Kuhara damu na homa siku ya tatu ni ugonjwa wa aina nyingine kabisa. Kwa watoto wetu mshukiwa wa kwanza ni Shigella, na nyuma yake Campylobacter. Shigella anahitaji idadi ndogo mno kumwangusha mtu, hata bakteria kumi hadi mia wanatosha, na anasafiri kwa mikono, maji na nzi. Angeweza kumpata chekechea, kwa mwenzake wa kucheza, au pale nyumbani kwenye choo kimoja kilichotumika na umati. Angeweza pia kumpata kwenye kachumbari. Kwa hiyo jiulize kwa utulivu, bila mawifi kukusikiliza: nyanya na vitunguu mlivioshea maji gani, ya kisima au yaliyochemshwa? Kibao na kisu mlivyokatia vilikuwa vimetoka kukata nyama? Kulikuwa na sabuni karibu na ndoo? Ndimu na chumvi zinatia ladha, haziui vijidudu kiasi cha kutegemewa. Kama jibu lolote hapo linakusumbua, libadilishe shughuli ijayo; kwa hili lililopita halithibitishi chochote.

Mtoto mwenyewe bado nina neno juu yake. Vile vidonge vya kuzuia kuhara havipewi mtoto anayehara damu, kabisa, kwa sababu vinaufunga utumbo na kuvizuia humo vijidudu pamoja na sumu yao. Flajili nayo tumeifanya kama pipi ya tumbo, kila anayehara ananunua, ilhali magonjwa yote matatu niliyoyataja juu haiyatibu. Shigella ana dawa zake na daktari ndiye wa kuzitoa. Zipo pia aina za E. koli, bakteria wa matumboni, zinazotoa sumu ya kuharibu figo, na hizo baadhi ya antibiotiki huweza kuzidisha hatari, ndiyo sababu nyingine ya kutocheza na dawa za dukani mtoto akihara damu. Mwambie mama yake amwangalie kwa muda wa wiki mbili tangu alipoanza kuhara: akikojoa kidogo sana, akiwa mweupe wa kupauka viganjani na kwenye kope, uso ukivimba, au akilegea bila sababu, arudishwe hospitali siku hiyohiyo, ajapokuwa kuhara kumekwisha.

Yule bibi alikaribia kuondoka na ugonjwa ambao kwa mume wako ulikuwa usumbufu wa usiku mmoja. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba chakula kisicho salama huwaumiza watu milioni 600 kila mwaka na kuwaua 420,000. Katika hao waliokufa, 125,000 ni watoto chini ya miaka mitano, na kwa uwiano wa watu Afrika ndiyo inayobeba mzigo mzito kuliko mabara mengine. Wengi wa wanaokufa kwa kuhara wanakufa kwa kuishiwa maji na chumvi. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, ianze mtu anapohara mara ya kwanza au ya pili, asisubiri macho yaingie ndani. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe visijae mlima. Mtoto apewe na zinki kama nesi atakavyoelekeza. Anayehara damu, mwenye homa kali, asiyeweza kushika hata maji tumboni, ambaye saa zinapita hakojoi, anayeongea asiyoyajua, au anayeanza kuona vitu viwiliviwili huku kope zinaanguka, huyo haendi dukani. Anaenda hospitali.

Kuhusu lawama, nikupe kisa cha kweli cha wakubwa waliokosea. Mwaka 2011 kaskazini mwa Ujerumani watu walianza kuhara damu kwa E. koli wa aina kali, figo zikiwafeli. Maofisa wa Hamburg wakayataja hadharani matango ya Hispania. Wakulima wa Hispania wakamwaga mazao kwa tani, masoko yakafungwa, nchi zikagombana. Wiki chache baadaye ikabainika ni mbegu zilizooteshwa na kuliwa mbichi, na uchunguzi ukafuata nyayo mpaka kwenye mbegu za uwatu kutoka Misri. Ndiyo, uwatu huuhuu wa jikoni kwetu. Watu karibu 4,000 waliumwa na zaidi ya 50 wakafa. Ikiwa maofisa wenye maabara walimkamata asiyehusika, mawifi wenye hasira ya msiba tuwavumilie kidogo.

Lakini usijitetee kwa kumsukumia mpishi. Umesema anaupikia mtaa mzima. Ukimtaja yeye, kesho utakuwa na ugomvi wa mtaa badala ya wa nyumba. Mpe mume wako barua hii aisome. Yeye ndiye mtoto wa nyumba, aseme na mama yake na dada zake, na aseme habari za saa: kiliiva lini, kililiwa lini, watu waliumwa lini. Wewe nenda ukamjulie hali yule bibi, na usipeleke maelezo, peleka uji. Shughuli ijayo mpishi aambiwe mapema kwamba pilau inaiva asubuhi na kuliwa ndani ya saa mbili, au inakaa juu ya moto ikifuka mpaka inapakuliwa. Kama asubuhi ana kazi kwingine, tafuteni mwingine, hata kama mkono wake si mtamu hivyo. Nyama inunuliwe alfajiri, yenye muhuri wa ukaguzi. Kilichofungwa cha kwenda nacho kiliwe jioni hiyohiyo baada ya kupashwa mpaka kitokote. Mwenye kidonda kidoleni apewe kazi ya kupanga mikeka.

Nimekuwekea mwisho la mimba kwa sababu ndilo linalotaka utulivu. Ugonjwa ule wa pilau unakaa kwenye utumbo, haumfikii mtoto tumboni. Hatari yake kwako ni kuishiwa maji, na kwa usiku mmoja wa kukatwa na tumbo hukufika huko. Anayemhusu mjamzito kuliko wote ni bakteria mwingine aitwaye Listeria, na hapa ndipo friji ya mume wako inapoingia, kwa sababu huyu anazaana hata kwenye baridi ya friji, polepole.

Afrika Kusini walimjua kwa machungu. Tangu mwaka 2017 hospitali zilianza kuona watoto wachanga wenye maambukizi ya damu na ubongo, na mwezi baada ya mwezi chanzo hakijulikani. Januari 2018 watoto wadogo tisa wa chekechea moja ya Soweto walipelekwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakihara na kutapika. Daktari mmoja akashtuka, wachunguzi wakaenda kufungua friji ya chekechea, humo wakakuta poloni, ile nyama ya kusaga iliyokwisha kupikwa kiwandani, inayokatwa vipande na kuliwa kwenye mkate. Nyayo zikaenda mpaka kiwanda kimoja cha Polokwane, na tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya Aaron Motsoaledi akawatangazia wananchi wasiile. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha Septemba mwaka huo, watu 1,060 walithibitishwa kuugua na 216 walikuwa wamefariki. Zaidi ya wagonjwa wanne katika kila kumi walikuwa watoto wa siku 28 kushuka chini. Mama mara nyingi anaona homa ndogo tu na mwili kuuma kama mafua, huku mtoto tumboni akiwa hatarini. Tena dalili huweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya kula, na hapo hakuna anayekumbuka alikula nini.

Kwa hiyo friji mshukuruni Mungu kwa kuipata, lakini haijamaliza mambo. Kipimo kiwe nyuzi 5 au chini yake. Msisukumie humo sufuria zima la moto. Litapoa nje na katikati libaki vuguvugu kwa saa nyingi, yaani mtakuwa mmeyahamisha magunia tu. Gaweni chakula kwenye vyombo vipana, kimo chake kisizidi vidole vitatu, mvuke ukipungua kiingie, na saa mbili zisipite tangu kuiva. Nyama mbichi ikae chini kabisa, imefungwa, isidondoshee kilichopikwa. LUKU ikiisha au umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Friji iliyofungwa inashika baridi kama saa nne, zaidi ya hapo nyama na maziwa msivitegemee. Wewe binafsi, mpaka ujifungue, soseji na poloni usile bila kuzipasha mpaka zifuke moshi, maziwa mabichi yachemshwe, mayai yaive kiini, na saladi zilizokatwa na kukaa kwenye friji za madukani ziache.

Kliniki ijayo mweleze nesi kwamba ulikula pilau ile na tumbo lilikukata, aandike kwenye kadi. Ukipata homa kabla ya siku hiyo, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje tarehe. Nenda, na ukifika sema mwanzo kabisa kwamba una mimba ya miezi sita.

Bibi Afya